Juu ya Mabati ya Mama Mkwe

Mliniacha Jumapili nimekaa kitandani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nikitazama msumari ambapo nguo za mke wangu huning'inia. Nguo zilikuwa zimeenda. Amongin naye alikuwa ameenda, na mtoto wetu Sharlyne mgongoni.

Aliyekosa gazeti nimwambie upesi. Mimi ni Levis Oduori, mzaliwa wa Namboboto, fundi wa sola hapa Malaba. Kazi yangu ni kuosha paneli za watu na kuzitunza. Malaba trela hulala barabarani siku mbili, tatu, zikingoja kuvuka kwenda Uganda, injini zinanguruma, na moshi wote ule unapanda kukaa juu ya nyumba za watu. Usipoosha paneli mwezi mmoja, taa yako inakuwa rangi ya chai. Mimi nilikuwa nakula kwa huo moshi.

Mpaka nilipopasua paneli ya mwenye lojingi moja karibu na mpaka. Ilikuwa saa saba mchana, jua limeichoma tangu asubuhi, nami nikaimwagia maji baridi ya kisima. Ikalia ta, ufa ukatoka kona hadi kona. Kila fundi anajua paneli huoshwa asubuhi mapema au jioni, ikiwa imepoa. Hata mimi nilijua. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwingine.

Mwenye lojingi akauliza nani amemwaga yale maji. Nikasema ni mke wangu. Amongin alikuwa amekuja tu kuniletea chakula, bado ameshika sahani. Mwenye lojingi akamtukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyachapa, umati ukiangalia, na mimi nikasimama pale nikijifanya nakagua kioo.

Haya. Mmenitukana wiki nzima. Kuna msomaji wa Adungosi ameandika kwamba mtu kama mimi alistahili kufungwa kamba pamoja na mbuzi. Angengoja kwanza asikie yaliyofuata.

Siku ya nne baada ya Amongin kuondoka, simu yangu ikalia. Ilikuwa ni Emukule, kaka yake mkubwa, anayekaa kwao Amukura na mama yao. Emukule hajawahi kunipenda na hajawahi kujisumbua kuficha. Miaka minne nimemwoa dada yake, na mpaka leo ananiita kwa kabila langu, Msamia, hata mbele ya mtoto. Siku hiyo hakunisalimu.

"Ng'ombe wako amekufa," akasema. "Kuja umzike ama umfufue."

Huyo ng'ombe hana pembe. Nilipomwoa Amongin nilitoa ng'ombe wa mahari, na yule wa mwisho alinishinda kumpata. Wazee wakakubali nilete sola badala yake: paneli mbili kubwa, betri, inveta, na taa za nyumba nzima. Kikao kilicheka sana siku hiyo. Mzee mmoja aliuliza ng'ombe wa namna hii hukamuliwa wapi. Lakini walimpokea, na tangu hapo zile paneli zikaitwa ng'ombe wa Levis. Mama mkwe wangu, Mama Petronilla, akanunua mashine ya kuangulia vifaranga akaiunganisha kwa huyo ng'ombe. Vifaranga wake wanafika mpaka Busia.

Sasa Emukule aliniambia mashine inazima ovyo. Jua likiwaka vizuri inazunguka kidogo, wingu likipita inalala. Usiku wanawasha jiko la makaa chumbani ili mayai yasipoe. Mayai ni mia mbili na yako siku ya kumi na tisa, na siku ya ishirini na moja ndiyo ya kuangua. Mama amesema Amongin hatoki hapo mpaka ng'ombe asimame. Ng'ombe akibaki chini, Amongin pia atabaki, na Sharlyne atakua akiongea Kiteso tupu.

"Na usituletee mdomo yako," Emukule akamalizia. "Tunaijua."

Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka msumari ule mtupu, nikamwambia nitakuja.

Wasomaji wa mbali watauliza kwa nini sikuchukua ngazi nikaenda nikamaliza kazi ya saa moja. Hapo ndipo shida yote ilipo. Kwa Wateso, na hata kwetu Wasamia, mkwe mwanaume hakanyagi paa la mama mkwe. Humwangalii machoni, humpi mkono, hulali kwake. Kupanda juu ya nyumba yake yeye akiwa ndani ni sawa na kumvua nguo. Ndoa inaweza kufia hapo hapo. Siku ya kufunga zile paneli mimi nilisimama nje ya ua nikipiga kelele za kuelekeza, na aliyekuwa juu ni Paulinus, mwenzangu wa kazi. Na tangu siku hiyo, kila miezi mitatu, aliyekuwa anaenda kuziosha ni Paulinus.

Kwa hiyo nikamtafuta Paulinus. Nikamkuta anafunga ndoo kwenye baiskeli. Hakuwa na nafasi, akasema, ana kazi ya siku tatu. Kwa nani? Akaangalia pembeni. Kwa mwenye lojingi. Yule yule, na sharti la kwanza alilopewa ni kwamba asionekane na mimi.

Nikalimeza hilo. Nikamwuliza mara ya mwisho aliosha lini kule Amukura. Paulinus akakuna kichwa. Kumbe mwaka huu hajafika hata siku moja. Mara ya mwisho Mama Petronilla alimfukuza langoni, akasema anajua kuosha vitu vyake mwenyewe na hahitaji mgeni wa kumchungulia juu ya nyumba.

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unanitumia nauli kila wakati," akasema. "Nikaona nisikusumbue."

Nilimwambia maneno ambayo leo najuta nusu yake tu. Nikachukua mopu yangu laini, matambara ya pamba na jerikeni la maji ya mvua, maana maji ya kisima hukauka yakaacha weupe kwenye kioo. Kesho yake, jua halijatoka vizuri, nilikuwa juu ya bodaboda nikielekea Amukura.

Emukule alinipokea kwa kuniwekea kreti tupu ya soda karibu na ua. Akaigeuza iangalie barabara, ili nikae nikiipa nyumba mgongo, nisije nikagongana macho na mama. Hiyo ni heshima na sikuikataa. Lakini hawakunipa chai. Hawakunipa hata maji. Kwenye boma la Kiteso mgeni kuachwa na koo kavu ni tusi kamili, na kila aliyepita barabarani aliliona.

Sauti ya Mama Petronilla ikatoka ndani. Hakusema nami, maana hilo haliwezekani. Alisema na Amongin, kwa sauti ya kufika mpaka sokoni.

"Mwambie huyo mtu mayai yangu yakioza, asahau njia ya hapa."

Amongin alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Akarudia neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikasema mwambie mama nimesikia. Akageuka akasema, "Amesema amesikia." Mazungumzo yakaenda hivyo, huku na huku, mpaka nikaambiwa kwamba mimi ni mvivu, kwamba ukoo wetu wote ni wa wavivu, na kwamba ng'ombe wa kweli angekuwa ameshazaa mara tatu. Nilijibu kila kitu kwa adabu. Jasho lilikuwa linanitoka na jua bado halijapanda.

Mama aliponyamaza, nikamwomba Amongin msamaha. Niliomba vibaya. Nilianza vizuri, nikasema nimekosa, halafu huu mdomo ukaongeza kwamba hata yeye alikuwa amesimama karibu sana na ndoo. Nilisikia pumzi yake ikikatika huko nyuma.

"Pale soko walinicheka siku tatu," akasema taratibu. "Walikuwa wananiita Mama Maji. Wewe ulikuwa unasikia na unaendelea kula. Tengeneza sola, Baba Sharlyne."

Hakuniita Levis. Akiwa na furaha huniita Levis.

Nikamwomba Emukule apande, nimwelekeze nikiwa chini kama tulivyofanya na Paulinus. Akasema yeye hapandii ng'ombe wa mtu mwingine. Nikamwita jirani aliyekuwa anapalilia mihogo ng'ambo ya ua. Yule bwana akamwangalia Emukule kwanza, ndipo akasema mgongo unamuuma. Hapo nikajua wameshaonywa wote. Emukule akawasha pikipiki yake, akasema ana safari fupi, akaondoka akipiga mluzi.

Nikabaki na kreti yangu. Jua lilikuwa linapanda, na paneli zikishapata moto sitaweza kuzimwagia maji, nilishajifunza. Nikajiambia nitangoja jioni. Lakini anga la upande wa Uganda lilikuwa jeusi, na mchana wa mawingu ungemaliza yale mayai. Ndani nilisikia feni ya mashine ikijaribu kuzunguka, ikashindwa, ikajaribu tena.

Amongin akaja akainama karibu na sikio langu. Nilisikia harufu ya sabuni yake, na niseme ukweli, nilitaka kulia.

Akaniambia mama ametoka kwa mlango wa nyuma. Ameenda matanga kwa jirani, mbali kidogo, atarudi jioni. Nyumba haina mtu. "Panda haraka, ushuke," akasema. "Hakuna mtu atajua."

Nikamwuliza kama ana hakika. Nikamwuliza mara mbili.

"Nikudanganye juu ya mama yangu?"

Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo tangu nifike. Sikuwa nimeona nani katoka na nani yuko. Nikainuka. Amongin mwenyewe akaleta ngazi, akaisimamisha, akaishika kwa mikono miwili nisiteleze. Ndugu zangu, nilipanda ile ngazi nikitabasamu. Nilijiambia mwanamke akikushikia ngazi amekusamehe.

Nilipofika juu, tabasamu likaisha.

Nimeona paneli chafu maisha yangu yote. Nimeona za mavi ya popo, za vumbi la saruji, za mafuta ya chapati. Sijawahi kuona kama zile. Zilikuwa zimefunikwa na ukoko wa kijivu, mgumu, uliokauka kwa tabaka. Nikamwaga maji nikaonja kwa ncha ya ulimi. Majivu na sabuni ya unga. Nikasugua polepole kwa tambara mpaka kioo kikatokea, na hapo chini ya ukoko kioo chote kilikuwa kimechorwa viduara vidogo, elfu kwa elfu, kila kona.

Nilivijua vile viduara. Kila mtu Amukura anazijua sufuria za Mama Petronilla. Anazisugua kwa mchanga na majivu na ule waya wa kusugulia mpaka unaona meno yako ndani yake, na kila harusi huja kuziazima. Mtu alikuwa amezisugua paneli zangu vile vile. Kumbe, kama nilivyoambiwa baadaye, kila Jumamosi, sufuria zikimalizika, Emukule alikuwa akipandishwa juu na kopo la mchanga, na mama yuko chini anamwambia ongeza nguvu. Na paneli zilivyozidi kufa, ndivyo walivyozidi kuzisugua.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Asubuhi nzima natukanwa kwa ajili ya huyu ng'ombe, kumbe wenyewe wanamchuna ngozi akiwa hai. Nilitaka kusimama pale juu niite kijiji kizima kije kuona. Niliyapanga mpaka maneno ya kuwaambia. Halafu nikakumbuka kwamba yule mama hasugui hivyo kitu asichokipenda. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ndiye nilistahili kumfundisha, na mimi siruhusiwi kuongea naye, na yule niliyemtuma alikuwa anakula nauli. Nikamwonea huruma, na ile huruma ikaniudhi zaidi.

Basi nikafanya kazi. Nililowesha ukoko ukalainika, nikautoa kwa tambara kutoka juu kwenda chini, maji ya mvua kidogo kidogo, bila kukanyaga kioo wala kuegemea fremu. Nikarudia mara ya pili. Mikwaruzo haitoki, hiyo ni kilema cha maisha, lakini mwizi mkubwa alikuwa ule ukoko. Nikafuata waya mpaka kwenye kiungio, nikakikuta kimelegea na kimeota kutu ya kijani. Nikakwangua, nikakaza, nikazungushia utepe mpya. Nilifanya kazi nzuri. Hata wanaonichukia hawataninyima hilo.

Jua likaigonga paneli. Chini yangu, ndani ya nyumba, nikasikia feni ya mashine inaanza. Mara hii haikukata. Ikashika, ikanguruma sawasawa, na mimi nikacheka peke yangu juu ya mabati. Nilimwona Amongin amepanda bodaboda pamoja nami, Sharlyne katikati, tunarudi Malaba kabla ya mvua.

Halafu mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kizito, na kilitoka chini ya goti langu. Kati yangu na yule mtu palikuwa na bati moja tu.

"Asante Mama Maria, imewaka," ikasema sauti ya Mama Petronilla. Kisha akainua sauti kuelekea juu. "Emukule, mtoto yangu, Mungu akubariki. Sugua na huo upande ingine."

Mikono yangu ilikuwa kwenye bati la chumba ambamo mama mkwe wangu ameketi na mayai yake. Hakwenda matanga wala hakutoka mlango wa nyuma. Alikuwa humo tangu asubuhi, na zile kelele zote za mopu alidhani ni mwanawe.

Nikaanza kutambaa kurudi kwenye ngazi, kidole kwa kidole, bati lisilie. Nikafika ukingoni nikashusha mguu. Mguu haukupata kitu. Nikachungulia. Ngazi ilikuwa imelala kwenye nyasi, na Amongin amesimama kando yake, mikono ameifunga kifuani.

Nilimwita kwa mnong'ono. Hakusogea.

Pikipiki ikaingia langoni. Emukule alikuwa amewapakia wazee watatu wa ukoo nyuma yake, wamebanana, na wa mbele ni Mzee Elungat, aliyeongoza kikao cha mahari yangu. Emukule alizima injini akanyoosha kidole juu. Hakuhitaji kusema kitu. Suruali yangu ilikuwa imekunjwa magotini, na povu la sabuni lilikuwa linatiririka kutoka kwangu kwenda kwenye mlango wa mama.

Sasa niwaeleze alichokuwa anapika Emukule, maana mimi nilikielewa hapo hapo, nikiwa nimeshika bati. Amongin akiniacha kwa hiari yake, ukoo wake unarudisha mahari yote, ng'ombe kwa ng'ombe, na wale ng'ombe Emukule alishaolea mke wake. Lakini mkwe akifanya mwiko, ndoa inavunjika na hawarudishi hata kuku. Nilikuwa tayari kumchukia Emukule kwa hilo mpaka siku ya kufa kwangu. Tatizo ni kwamba Emukule hakuwepo ngazi ilipolazwa. Emukule hakunong'oneza kwenye sikio langu.

Mama Petronilla akatoka nje kuona ni nani ameingia na pikipiki langoni ilhali mwanawe yuko juu. Akamwona Emukule chini. Akainua macho. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka minne tulitazamana uso kwa uso. Akafunika uso kwa leso akageuka. Nilitamani bati lipasuke linimeze, lakini ningeangukia mayai.

Emukule akaanza hotuba. Alisema kuhusu Wasamia, kuhusu aibu, kuhusu baba yao marehemu, na jinsi asivyoweza kuamini macho yake. Mzee Elungat akamwambia anyamaze. Huyu mzee ni mtu wa maneno machache, na alipoyasema yake hata kuku walitulia.

"Mkwe, swali ni moja," akasema. "Kama kuna mtu alikudanganya hii nyumba haina mtu, kosa si yako. Tutachinja kuku, tutaosha hii kitu, utaenda na bibi yako. Kosa itakuwa ya huyo alikutuma, na huyo atatoka hii boma leo. Lakini kama ulipanda kwa kichwa yako, basi hatuna mkwe. Sema."

Mama Petronilla alikuwa bado ametupa mgongo. Akasema nami. Hakumtumia Amongin, wala hakusema na ukuta.

"Levis, nani alikwambia mimi siko?"

Nikajua anajua. Amongin alimzaa mwenyewe, na alikuwa ameshaiona ile ngazi kwenye nyasi. Alikuwa ananifungulia mlango, mama niliyekuwa nimemkalia kichwani asubuhi nzima, na ilibaki mimi kutaja jina moja tu.

Nikamtazama Amongin. Alikuwa amemwinua Sharlyne, amemshika upande wa moyo, na hakuinamisha macho. Nikitaja jina lake, anafukuzwa kwao leo hii kwa kumwanika mama yake. Atakuwa hana pengine pa kwenda ila kwangu. Nilikuja Amukura kumchukua, na hapo nilikuwa nimempata. Neno moja, na jioni tuko Malaba, yeye anaweka nguo zake kwenye ule msumari na hasemi kitu, kesho vile vile, na keshokutwa.

Nilimpenda sana pale. Sijui nilisemeje kwa njia nyingine.

"Hakuna mtu aliniambia, mama," nikasema. "Nilipanda mwenyewe."

Wazee wakaguna. Emukule akatazama chini, nafikiri kuficha meno. Mimi nilikuwa namwangalia Amongin peke yake. Nilingoja uso wake ulainike. Nilingoja aseme hapana, si hivyo, ni mimi. Nilikuwa na hakika atasema. Midomo yake ikafunguka, akapumua, akamhamisha mtoto bega la pili.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia wazee.

Tone la kwanza la mvua likagonga bati karibu na mkono wangu. Wote wakaingia ndani, mmoja mmoja, na hakuna aliyeisimamisha ngazi.